Bi harusi, na muhogo nao uingie kwenye orodha ya walima

Hongereni nyote ambao posa zimeshajibiwa na siku zinahesabiwa. Allah awatimizie kwa kheri.

Sisi kazi yetu ni nguo za harusi, lakini fundi cherehani wa harusi hasikii habari za nguo tu. Mtoto wa kike akija kupimwa huja na mama yake, khaloo yake na wifi mmoja au wawili. Tepu ikiwa kiunoni, maneno yako jikoni: mchele magunia mangapi, kuku wangapi, mpishi nani, na ukumbi unataka kiasi gani. Tumeyasikia maneno hayo miaka mingi sasa, na tumeona yanakwenda upande mmoja. Kwa hiyo leo tunataka kutoa rai yetu. Chakula cha visiwa vyetu, yaani muhogo, ndizi, shelisheli, majimbi, mbaazi na samaki wa pwani yetu, kirudi kwenye walima na kiwekwe katikati ya sinia, mgeni ale ashibe.

Mtu huagiza alichokiona

Katika ushoni kuna jambo tunalijua sote. Mteja hawezi kuomba mtindo ambao hajauona. Ukimwekea picha kumi za magauni ya mkia mrefu, atachagua mkia mrefu, na atakwambia ndio anaoupenda. Mwekee na picha ya gauni la darizi lenye kofia ya kasida, utashangaa wangapi watalitaka.

Na chakula ni hivyo hivyo. Angalia orodha anazopewa bi harusi na wapishi wa karamu. Pilau la kuku, biriani la kuku, chipsi na kuku, sambusa, katlesi, soda, keki. Pengine anaongezewa matunda, nayo ni tufaha na zabibu za kutoka ng'ambo. Muhogo wa nazi haumo, wala ndizi mbichi za kupika, wala mbaazi. Pweza wa nazi hayumo. Shelisheli la kukaanga halimo, ingawa lina ladha ambayo chipsi hazijaifikia. Juisi ya mabungo au ya ukwaju haimo, soda imechukua nafasi yake. Bi harusi hajavikataa vyakula hivi, maana hakuna aliyemuuliza.

Na hapa pana kioja. Vyakula hivi hivi ndivyo tunavyojivunia Ramadhani. Mtu akialikwa futari, nyumba yenye heshima zake humwekea majimbi, viazi vikuu, muhogo, ndizi na samaki wa kupaka, na mwenye nyumba huulizwa amepika vipi. Akila mtu futari isiyo na kitu cha nazi huona hajafutari. Unaandama mwezi wa Mfunguo mosi, harusi zinaanza, na muhogo ule ule ghafla unaitwa chakula cha shida. Umekosa nini ndani ya siku mbili tatu?

Sahani yetu inatoka wapi

Hatuandiki haya kwa mapenzi ya zamani tu. Kwa hesabu ya sensa ya 2022, Zanzibar tuko watu 1,889,773, na ardhi yetu haiongezeki. Wali ndio chakula chetu kikuu, na sehemu kubwa ya mchele tunaokula huja kwa meli, kutoka Bara au kutoka nchi za Asia. Tunalima mpunga, alhamdulillah. Mabonde ya Cheju na Kibokwa yanajulikana, na Pemba wana mabonde yao na mchele wao wanaousifu. Lakini mchele huo hautoshi kutulisha mwaka mzima.

Julai 2023 India, ambayo inauza mchele nje kuliko nchi yoyote duniani, ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati. Zuio lile halikuondolewa mpaka Septemba 2024. Mkulima wa India hakutukusudia sisi, na serikali yake ilikuwa inawaangalia watu wake. Ila kisiwa kinachotegemea meli hutikiswa na uamuzi uliokatwa mbali, na bi harusi aliyepanga mchele wa watu mia tatu hujikuta anahesabu upya.

Muhogo haungoji meli. Ghala lake ni ardhi yenyewe. Ukikomaa unaweza kusubiri shambani, ukang'olewa siku unapohitajika. Unakubali ardhi ambayo mazao mengine yanaikataa, hata ile ya mawe mawe ya mashariki na kusini ya Unguja. Majani yake tunatwanga kisamvu. Shelisheli nalo, mti mmoja ukishasimama uani huzaa miaka na miaka, bila kupaliliwa kila msimu. Mbaazi zinairutubisha ardhi zinapoota. Hivi ni vyakula vilivyoizoea hali yetu.

Tusidanganyane, vingi tunavyoviita vyetu asili yake si hapa. Muhogo ulitoka Marekani ya Kusini ukaletwa na Wareno. Shelisheli asili yake ni visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Biriani limekuja na wageni wa kutoka upande wa India na Uajemi, na leo hakuna atakayetwambia kwamba si letu. Kwa hiyo ugomvi wetu si kitu kilizaliwa wapi. Tunauliza kinaota wapi leo, nani anakilima, na pesa za karamu zinaishia mkononi mwa nani. Ukinunua muhogo, ndizi na mbaazi kwa walima ya watu mia tatu, umenunua kwa wakulima wa visiwani, na wengi wao ni mama zetu na dada zetu. Ukinunua kuku wa barafu aliyetoka nchi ya mbali, anayefaidika hapa ni mwenye friji.

Walima wenyewe unatufundisha nini

Sisi si masheikh, na maswali ya dini wapelekeeni wanaoyajua. Lakini yale tuliyosomeshwa chuoni tukiwa wadogo tunayakumbuka. Mtume (s.a.w) alipomuoa Bibi Safiyya, wakati wa kurudi kutoka Khaybar mwaka wa 7 Hijria, walima yake haikuwa na nyama wala mkate. Zilitandikwa ngozi, kila mwenye kitu akaleta alichonacho, ikachanganywa tende, jibini kavu na samli, watu wakala. Na imepokewa kwamba walima ya mmoja wa wake zake ilikuwa ya vibaba viwili vya shayiri tu.

Sisi tunachokiona hapo ni kwamba walima ilifanywa kwa kilichopo. Hakuna aliyekopa, na hakuna aliyetuma msafara kwenda mji wa mbali kutafuta chakula cha kumfurahisha jirani. Tende zilikuwa zao na samli ilikuwa yao. Kama walima ya mtu bora kuliko wote ilisimama kwa chakula cha pale pale, walima ya mtoto wetu wa Makunduchi au wa Wete itashindwaje kusimama kwa chakula cha Makunduchi au cha Wete?

Na tumesomeshwa pia kwamba chakula kibaya kabisa ni cha walima wanayoitwa matajiri wakaachwa masikini. Karamu ikiwa ghali, idadi ya wageni hukatwa, na anayekatwa kwanza ni yule asiyekuwa na zawadi kubwa ya kuleta. Karamu ikiwa nyepesi, majirani wote wanapata nafasi.

Harusi zetu zinahama, na chakula kihame nazo

Hapa pana jambo ambalo wapangaji wengi wa harusi hawalitazami. Harusi zetu nyingi hufuata mwezi wa Kiislamu: watu hungojea Mfunguo mosi, au huwahi kabla ya Ramadhani kuingia. Na mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka ukilinganisha na kalenda ya kizungu. Iddi el Fitri ya 2015 ilikuwa Julai, kusi likivuma. Ya 2024 ilikuwa Aprili, katikati ya masika. Ndiyo kusema harusi ya Mfunguo mosi ya dada mkubwa na ya mdogo wake zinaweza kuangukia misimu miwili tofauti, soko tofauti na bahari tofauti.

Orodha ya wapishi haijui hayo, mwaka mzima ni ile ile. Sisi tunasema bi harusi aanze kwa kuuliza: mwezi wangu ukiandama, shambani patakuwa na nini? Harusi ikiangukia mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka mpya, maembe yamejaa, basi achari, pilipili ya embe na sharubati ya embe zitengenezwe kwa wingi. Harusi ya masika, barabara za shamba zina matope, basi agiza mapema na usitegemee kitu cha kuletwa asubuhi ile ile. Upepo ukiwa mkali wavuvi wa vyombo vidogo hawatoki, basi weka mbaazi na chooko, na samaki wawe wa kuongezea tu. Muhogo na ndizi vipo karibu miezi yote.

Na bahari ina haki yake

Kula vya nyumbani hakutoshi kama tunavila mpaka viishe. Pweza ni mfano mzuri. Pweza jike huatamia mayai yake mara moja tu maishani, kisha hufa. Ukimchukua kabla hajatotoa, umechukua na kizazi chake. Lakini ukimwacha, hukua haraka sana. Ndio maana wenzetu wa Kisiwa Panza, Pemba, na vijiji vingine vya pwani, wamekuwa wakifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa kisha wakaifungua kwa siku maalumu, pweza wakiwa wakubwa. Wanaoingia miambani bamvua likitoka, na mkuki na kikapu mkononi, wengi ni wanawake. Kwao mwamba uliofungwa ni mfuko mtupu kwa miezi hiyo, nao wanavumilia.

Basi sisi wanunuzi tusiwavunje moyo. Ukiagiza pweza wa walima, mwambie muuzaji humtaki mdogo wa kiganja. Kama mwamba umefungwa, badilisha chakula. Dagaa wapo, na tusiwadharau. Dagaa wanaokaushwa Unguja wanasafiri mpaka Kongo, kuna watu wanawalipia pesa nzuri, sisi tunawaona si wa kuwekwa mbele ya mgeni. Dagaa wabichi wa kukaanga na ndimu na pilipili, jaribuni kuwaweka kwenye meza ya kitchen party kisha mtwambie kama wamebaki.

Kinachobaki kwenye sahani

Tufanye hesabu ndogo. Chukua walima ya watu 300, kila mmoja na sahani yake. Tuseme kila mmoja ameacha gramu 100 tu za wali, ambazo ni kama konzi moja. Hizo ni kilo 30 za wali uliopikwa, karibu kilo 10 za mchele mkavu, pamoja na nazi yake au samli yake, na kuni zake. Zinakwenda jaani. Bado hatujahesabu kuku aliyemegwa mara moja, wala soda iliyonywewa nusu. Na sote tunajua Qur-ani inasema nini juu ya israfu.

Bibi zetu walikuwa na dawa yake, nayo ni sinia. Watu wanne mpaka sita wanakula pamoja, chakula kinatiwa kidogo, kikiisha kinaongezwa. Kilichobaki chunguni bado ni safi, kinafungwa kinapelekwa kwa jirani mgonjwa au kwa mayatima. Kilichobaki kwenye sahani ya mtu hakipelekwi kwa yeyote. Zaidi ya hayo, sinia linaoshwa na kurudi kabatini. Zile sahani za kutupa na vile vibakuli vya povu jeupe tunavyovipenda, siku ya pili vinazagaa mtaroni, mvua ikinyesha vinaishia baharini, kwa huyo huyo pweza. Majani ya mgomba na vikapu vya ukili havitaki pahali pa kuvificha, na kwenye picha vinapendeza. Anayesuka ukili naye kapata kazi.

Wanaotupinga, na wana hoja

Tumeshasema rai hii mbele ya akina mama wengi, na majibu yao tunayajua. Tuyajibu kwa adabu.

La kwanza: "Watu watasema tumefulia." Kweli watasema. Lakini watu hawaachi kusema. Pilau likiwa na chumvi watasema, kuku akiwa mdogo watasema, gauni likiwa jeupe sana watasema. Kama maneno hayaepukiki, afadhali yasemwe huku huna deni. Tunawajua mabi harusi ambao dhahabu zao za mahari ziliuzwa kabla ya mwaka kulipia karamu ya usiku mmoja. Maneno yalikwisha wiki ile ile, deni likabaki nyumbani kwa mtoto.

La pili: "Vya nyumbani si lazima viwe rahisi." Hapo mna haki. Samaki mzuri anagombaniwa na mahoteli, nazi bei juu, na pweza mkubwa si wa kila mfuko. Hatusemi kila kitu cha kwetu ni cha bei ndogo. Tunasema muhogo, ndizi na mbaazi vinaweza kubeba sehemu kubwa ya shibe, na samaki au nyama vikawa kitoweo kama ilivyokuwa, badala ya kila mtu kuwekewa nusu kuku.

La tatu ndilo zito zaidi: "Nani atamenya muhogo wa watu mia tatu? Nani atakuna nazi?" Tunajua jibu la zamani. Walifanya akina mama na wasichana wa mtaani, usiku kucha, bure, wengine bila hata kupata nafasi ya kuvaa na kukaa ukumbini. Sisi wafanyabiashara hatutaki kurudi huko. Kazi ya kumenya, kukuna, kutwanga na kuchuja ni kazi, na ilipwe. Pesa zilizokuwa ziende kwenye kuku wa barafu ziende kwa vikundi vya wanawake watakaoleta muhogo ukiwa umeshamenywa na tui limeshakamuliwa. Kukuna nazi siku hizi kuna mashine sokoni. Chakula cha asili kisiwe sababu ya kumchosha mwanamke bure.

Tufanye nini basi

Hatutaki bi harusi apindue karamu nzima kwa siku moja. Mama mkwe naye ana nafsi. Ukitaka biriani, lipike. Lakini fanya haya machache.

Kaa na mpishi wako miezi miwili kabla, mwambie unataka angalau chungu kimoja cha muhogo au ndizi za nazi, na kinywaji kimoja cha matunda ya hapa mahali pa soda. Mwambie akipikie kwanza uonje, kama unavyojaribu gauni kabla ya kutiwa pindo. Muhogo wa walima uwe umeiva ukalainika na tui zito, usiwe ule mkavu wa kusukumia na chai. Heshima ya chakula iko mkononi mwa mpishi.

Mtafute mkulima mapema. Muhogo ukishang'olewa haumalizi siku tatu bila kuanza kuharibika, kwa hivyo kubalianeni ung'olewe jana yake, na mpe rubuni ili ajue una maneno ya kweli.

Na enyi wapishi wa karamu, dada zetu wa biashara, ongezeni ukurasa mmoja kwenye orodha zenu. Upigieni picha muhogo wa nazi kwenye sinia la shaba kama mnavyoipigia keki. Andikeni ndizi zimetoka shamba gani, samaki kavuliwa wapi, na mwezi gani kinapatikana. Tieni bei iliyo wazi. Mteja akiona, ataomba. Na ninyi wageni mkienda ukumbini, kilipigieni picha chakula cha nyumbani mkiweke kwenye status zenu pamoja na viatu vya bi harusi, ili aliye na harusi mwezi ujao aone kuwa inawezekana na inapendeza.

Kuna wasichana wengi sasa hivi wameshapangiwa tarehe. Katika nyumba zao kuna bibi anayejua kupika shelisheli la nazi mpaka likawa kama siagi, na hakuna aliyemuuliza kuhusu walima. Muulizeni angali yupo. Mwekeeni kiti jikoni, wasichana wamzunguke, ashike upawa yeye mwenyewe. Ujuzi ule haumo kwenye friji la mtu yeyote, na akiondoka nao hatuna pa kuuagiza.

Allah azitie baraka ndoa zenu, mashamba yetu na bahari yetu. Wabillahi tawfiq.